Kamukunji: Historia ya Kura katika Jimbo la Wafanyakazi

Ukurasa wetu wa Nchi Jirani safari hii unakwenda Kenya, katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Huko liko jimbo la uchaguzi liitwalo Kamukunji. Ndani ya jimbo hilo mna Pumwani na Majengo yake, Shauri Moyo, soko la Gikomba na mitaa ya Eastleigh. Kuna mafundi wa jua kali wanaogonga mabati tangu asubuhi hadi jioni, wachukuzi, wachuuzi wa mitumba, makondakta wa mabasi na vibarua wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani. Jumba la Solidarity, ambalo ni makao makuu ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya, liko upande huo huo wa mji. Na kiwanja cha Kamukunji kimefanyiwa mikutano mingi hata jina lake, katika Kiswahili cha Kenya, limegeuka kuwa neno la kawaida: wanafunzi, wafanyakazi na hata wabunge wakikusanyika kuzungumza jambo lao husema wanafanya kamukunji.

Kwa nini tulieleze jimbo moja tu wakati Kenya ina majimbo mengi? Ni kwa sababu historia ya kura za Kamukunji ni historia ya mfanyakazi wa mjini. Humo mnaonekana namna kura ya mfanyakazi ilivyopatikana kwa taabu, namna ilivyotumika, na njia mbalimbali zilizotumika kumnyang'anya kura hiyo hata baada ya kuipata. Mambo hayo hayahusu Kenya peke yake. Yanamhusu kila mtu anayepiga kura, iwe ya ubunge au ya tawi lake la chama cha wafanyakazi.

Mtoto wa shamba la mkonge

Hatuwezi kuieleza Kamukunji bila kumtaja Tom Mboya. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga katika ziwa Victoria, lakini baba yake alikuwa amekwenda kufanya kazi katika shamba hilo la mzungu, na baadaye akawa mnyapara. Hivyo mtoto huyo alikua katika kambi ya wafanyakazi wa makabila mengi, na tangu utotoni alizisikia lugha zao. Ndugu zetu wa mashamba ya mkonge watalielewa jambo hilo bila kuelezwa zaidi.

Baada ya masomo Mboya aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi kama mkaguzi wa afya. Huko aliona kwa macho yake kwamba Mwafrika na mzungu hufanya kazi ile ile kwa mishahara isiyolingana. Akaanza kuwaunganisha watumishi wenzake wa baraza hilo katika chama cha wafanyakazi.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kuwapiga wapigania uhuru wa Mau Mau. Viongozi wa chama cha siasa cha KAU walikamatwa, na mwaka 1953 chama chenyewe kikapigwa marufuku. Kabla ya hapo, mwaka 1950, viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wamekwisha kamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa kuwatetea. Kwa hiyo kwa miaka michache ikawa hakuna chama cha siasa cha Waafrika cha nchi nzima kilichoruhusiwa kusema. Vilivyobaki ni vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la vyama hivyo, lililokuja kujulikana kwa jina la KFL, lilimchagua Mboya kuwa katibu mkuu mwaka 1953. Alikuwa kijana wa miaka 23.

Mwezi Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda huko, akazungumza na wafanyakazi na waajiri, na baada ya usuluhishi wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 33. Habari hiyo ilienea katika nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka huo huo wa 1955 ndipo nasi huku Tanganyika tulipounda shirikisho letu, TFL, ambalo katibu wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa.

Kura iliyopimwa kwa mshahara

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Kenya kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Nchi nzima Waafrika walipewa viti 8 tu. Nairobi ilipata kiti kimoja.

Lakini haikuwa kura kwa kila mtu. Mtu alipimwa kwanza. Aliulizwa amesoma mpaka darasa gani, anapata mshahara kiasi gani, ana mali ya thamani gani, na ametumikia kazi kwa miaka mingapi. Kipimo kimoja kilikuwa pato la paundi 120 kwa mwaka, maana yake shilingi 200 kwa mwezi. Vibarua wengi wa Nairobi hawakukifikia kipimo hicho hata kwa ndoto. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja, na aliyetimiza masharti zaidi aliweza kupata kura mbili au hata tatu. Hivyo karani mwenye cheti na mshahara mzuri aliweza kuhesabiwa kama watu watatu, na mchukuzi wa mizigo asihesabiwe kabisa.

Zaidi ya hayo, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa wawe na hati ya utiifu kuthibitisha kwamba hawakuwa upande wa Mau Mau. Mwezi Aprili 1954 askari walikuwa wameizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya watu wa makabila hayo na kuwapeleka vizuizini. Kwa hiyo wengi wa wafanyakazi wa mji huo hawakuwapo kabisa siku ya kura.

Huku kwetu Tanganyika wakoloni walikuwa na mtindo mwingine. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuwachagua watu watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ndiyo kura tatu iliyojadiliwa na TANU huko Tabora mwezi Januari 1958. Mitindo ilitofautiana, lakini nia ilikuwa moja, yaani kuhakikisha kwamba wingi wa wananchi hauleti wingi wa nguvu.

Katika kiti cha Nairobi mpinzani mkubwa wa Mboya alikuwa C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika katika Kenya, mtu aliyeheshimiwa sana kwa kuwatetea mahakamani watu walioshtakiwa kuwa Mau Mau. Wote wawili walikuwa Wajaluo, wote wawili walitaka uhuru. Haukuwa uchaguzi wa adui na rafiki. Mboya alishinda kwa kura mia chache tu. Kilichomsaidia ni matawi ya vyama vya wafanyakazi: watu waliokuwa wamezoea kuitisha mikutano, kuandika orodha za wanachama, kukusanya ada na kupita mlango kwa mlango. Wakili alikuwa na sifa kubwa, lakini katibu mkuu alikuwa na chama nyuma yake.

Wajumbe wale 8, akiwemo Oginga Odinga kutoka Nyanza, Ronald Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walipoingia barazani walikataa nafasi za uwaziri walizopewa na wakoloni na kudai viti zaidi. Mboya aliunda chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, na wafanyakazi wa mitaa ya mashariki ndio waliokijaza.

Mwaka 1961: kabila halikupiga kura

Baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House mjini London mwaka 1960, masharti ya kura yalilegezwa. Mwaka 1961 ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika lugha yake, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, au kuwa na pato la paundi 75 kwa mwaka. Sasa wafanyakazi wengi wakaandikishwa. Mitaa ya mashariki ya mji ikawa jimbo lililoitwa Nairobi East.

Uchaguzi huo wa Februari 1961 unastahili kukumbukwa. Wengi wa wapiga kura wa jimbo hilo walikuwa Wakikuyu. Mboya ni Mjaluo. Mpinzani wake alikuwa Dk. Munyua Waiyaki, daktari, Mkikuyu wa ukoo unaojulikana, ambaye baadaye alikuwa waziri wa serikali ya Kenya. Watu waliodhani kwamba kila Mwafrika hupiga kura kwa damu yake walimhesabia Mboya kuwa amekwisha.

Masanduku yalipofunguliwa, Mboya alikuwa amepata karibu kura tisa katika kila kumi. Wafanyakazi wa Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya na Kikamba walimchagua mtu waliyemwona akisimama mbele ya waajiri. Walimpima kwa kazi yake. Tangu siku hiyo, mtu akisema kwamba Waafrika hawawezi kupiga kura ila kwa ukabila, jibu la kumpa ni Nairobi East, 1961.

Mwaka 1963, kura ilipokuwa ya kila mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, Mboya alirudi bungeni kwa tiketi ya KANU katika kiti cha Nairobi Central. Kiti hicho ndicho kilichokuja kuitwa Kamukunji. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

Katibu mkuu anapokuwa waziri

Hapa, ndugu msomaji, tunafika mahali panapotaka kufikiriwa kwa makini. Mboya alikuwa Waziri wa Kazi tangu mwaka 1962. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali, chama cha waajiri na KFL walitia sahihi mapatano ya uhusiano wa kazini. Kwa mapatano hayo waajiri walikubali kuvitambua vyama vya wafanyakazi, ukawekwa utaratibu wa kusikiliza malalamiko, na migomo ikawekewa mipaka. Mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Kazi. Mwaka 1965 serikali ilizifuta jumuiya mbili za wafanyakazi zilizokuwa zikigombana, na mahali pake ikaundwa COTU, ambayo katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Clement Lubembe. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu kupatikana.

Waliounga mkono mabadiliko hayo walisema nchi changa haiwezi kujengwa kwa migomo ya kila siku, na kwamba mfanyakazi anafaidika zaidi na mahakama inayosikiliza haki kuliko na mabango barabarani. Waliopinga walisema mfanyakazi amenyang'anywa silaha yake, tena na mtu aliyemfundisha kuishika.

Tusiwacheke jirani. Kwetu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Kawawa wa TFL alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi Januari 1962, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyoifunga migomo kwa utaratibu mrefu wa usuluhishi. Mwaka 1964 TFL ikavunjwa na kuundwa NUTA. Katika nchi zote mbili viongozi waliotoka katika vyama vya wafanyakazi walipokaa kwenye kiti cha serikali waliona mambo kwa upande wa serikali. Hatusemi kwamba walikuwa wasaliti. Tunasema kiti kina nguvu zake, na mtu akikikalia huanza kuona yale yanayoonekana kutoka hapo. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wanapomtoa mwenzao kwenda bungeni hawawezi kwenda kulala. Ni lazima wabaki na chama chao, na viongozi wao waliobaki kazini, ili aliye juu asikie sauti ya walio chini.

Risasi ya 1969

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi, alipokuwa akitoka katika duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa KANU. Hakuwa ametimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo. Swali la nani aliyemtuma limeulizwa nchini Kenya tangu siku hiyo.

Msiba huo uliivunja ile ahadi ya 1961. Wafanyakazi waliokuwa wamempigia kura Mboya bila kuulizana kabila sasa walianza kutazamana kwa wasiwasi mitaani. Mwezi Oktoba 1969 fujo zilitokea Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta na watu wakauawa kwa risasi. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU, kilichoongozwa na Oginga Odinga, kilipigwa marufuku. Kenya ikawa na chama kimoja, ingawa sheria ilikuwa haijasema hivyo.

Uchaguzi wa Desemba 1969 kwa hiyo ulikuwa wa wana-KANU kushindana wao kwa wao. Kamukunji ilimchagua Maina Wanjigi. Akarudi tena mwaka 1974. Mwaka 1979 wapiga kura walimwangusha, na mwaka 1983 wakamrudisha. Tuseme ukweli: chini ya chama kimoja mpiga kura wa Kamukunji hakuweza kuibadilisha serikali, lakini aliweza kumbadilisha mbunge, na alilifanya jambo hilo. Wabunge na mawaziri wengi wa Kenya waliangushwa katika chaguzi hizo. Siri ya kura ndiyo iliyowezesha hayo. Mtu aliingia peke yake, akaweka karatasi yake, akatoka, na hakuna aliyejua.

Mlolongo wa 1988

Mwezi Juni 1982 katiba ya Kenya ilibadilishwa na chama kimoja kikawa sheria. Kisha ukaja mtindo mpya uliotumika katika kura za uteuzi za KANU mwezi Februari 1988. Karatasi na sanduku viliondolewa. Wapiga kura walitakiwa kupanga mstari nyuma ya picha ya mtu wanayemtaka, mchana, hadharani, na kuhesabiwa kama ng'ombe mnadani. Wakenya waliuita mlolongo. Na aliyehesabiwa kuwa amepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa kuwa amepita moja kwa moja, bila kupigiwa kura ya siri katika uchaguzi mkuu wa Machi.

Mfanyakazi wa kiwandani au shambani hahitaji kuelezwa ubaya wa mtindo huo. Fikiria tawi lako linachagua katibu, na meneja amesimama dirishani anatazama nani amesimama nyuma ya nani. Nani atasimama nyuma ya yule anayedai nyongeza? Mwenye nyumba anakutazama, chifu anakutazama, mnyapara anakutazama. Tena mstari ukishatawanyika hakuna karatasi iliyobaki ya kuhesabu upya. Katika sehemu nyingi za Kenya watu waliona kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa mfupi na mstari mfupi ukitangazwa mrefu, na hawakuwa na la kufanya.

Muoroto na Saba Saba

Mwezi Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, vilibomolewa kwa nguvu na askari wa tume iliyokuwa ikiuendesha mji. Wakazi wake walikuwa wachuuzi na vibarua. Palizuka mapambano, watu wakaumia, na mamia wakabaki bila mahali pa kulaza watoto. Maina Wanjigi, mbunge wa eneo hilo na wakati huo Waziri wa Kilimo, alilalamika waziwazi kwa niaba ya watu wake. Rais Moi alimwondoa katika uwaziri.

Jambo hilo liliwafundisha watu wa Kamukunji mengi. Hapa palikuwa na mbunge aliyefanya kile ambacho mbunge huchaguliwa kufanya, yaani kusema mpiga kura wake anapoonewa, na adhabu yake ikawa kufukuzwa kazi. Kama waziri mwenyewe hana ruhusa ya kusema nyumba za watu zisibomolewe, kura iliyompeleka bungeni ina thamani gani?

Wiki chache baadaye, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliwaita wananchi wakutane katika kiwanja cha Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi. Serikali iliukataza mkutano na kuwatia wote wawili kizuizini siku tatu kabla. Watu walikwenda hivyo hivyo. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi, na vurugu zikaenea Nairobi na miji mingine kwa siku kadhaa. Serikali yenyewe ilikubali kwamba watu wapatao 20 walikufa. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Kwa kuwa ilikuwa siku ya saba ya mwezi wa saba, Wakenya huikumbuka kwa jina la Saba Saba. Nasi tunaijua Saba Saba yetu, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, lakini ya wenzetu ina machozi ndani yake.

Haikupotea bure. Mwezi Desemba 1990 KANU iliufuta mlolongo pamoja na ile sheria ya asilimia 70. Mwezi Novemba 1991 chama cha FORD kiliitisha mkutano mwingine hapo hapo Kamukunji, na viongozi wake wakakamatwa. Mwezi mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha katiba kilicholazimisha chama kimoja kikaondolewa.

Kura za vyama vingi

Tarehe 29 Desemba 1992 watu wa Kamukunji walirudi kwenye karatasi na sanduku. Walimchagua George Nthenge wa FORD-Asili, mmoja wa waasisi sita wa FORD. Nthenge ni Mkamba, na chama chake kiliongozwa na Matiba, Mkikuyu. Katika viti 8 vya Nairobi mwaka huo, chama kilichokuwa kikitawala kilipata kimoja tu. Hilo lilikuwa jibu la mji kwa Muoroto na Saba Saba. Nchi nzima, lakini, KANU ilibaki madarakani kwa sababu wapinzani walikuwa wamegawanyika. Wafanyakazi wanaojua habari za vyama viwili katika kiwanda kimoja wanalielewa vizuri jambo hilo: waajiri hufurahi.

Mwaka 1997 kiti kilikwenda kwa Norman Nyagah wa chama cha DP. Mwaka 2002, wapinzani walipoungana katika NARC na kuiondoa KANU iliyokuwa imetawala kwa karibu miaka 40, Nyagah alirudi kwa tiketi ya NARC.

Uchaguzi wa Desemba 2007 uliiletea Kenya yote maafa. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Kamukunji nayo ilikuwa na mgogoro wake. Simon Mbugua wa PNU alitangazwa mbunge, lakini matokeo yakapelekwa mahakamani, na mwishowe mahakama ikayabatilisha. Kesi ilichukua muda mrefu. Uchaguzi mdogo ulifanyika Agosti 2011, karibu miaka minne baada ya kura ya kwanza. Mshindi alikuwa Yusuf Hassan Abdi, aliyekuwa mwandishi wa habari na mtumishi wa Umoja wa Mataifa, Mkenya mwenye asili ya Kisomali.

Ushindi wake ulionyesha jinsi jimbo lilivyobadilika. Eastleigh, ambako zamani waliishi Wahindi wengi, ilikuwa na Wasomali wa Kenya tangu enzi za ukoloni. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 wakimbizi wengi waliingia, na biashara ikakua hata majumba ya maduka yakajaa mtaa mzima. Tarehe 7 Desemba 2012 bomu la mkono lilitupwa nje ya msikiti wa Eastleigh. Watu kadhaa waliuawa, na mbunge huyo akaumizwa vibaya miguu. Mwezi Machi 2013 wapiga kura walimchagua tena, wakarudia mwaka 2017 na mwaka 2022. Katika uchaguzi wa 2013 Nairobi ilikuwa imegawanywa upya, kutoka majimbo 8 kuwa 17.

Lakini kura haikuwakinga watu wa huko na kila jambo. Mwezi Aprili 2014 polisi waliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwafungia katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wakaguliwe hati zao. Wazee wa Pumwani waliokumbuka mwaka 1954 hawakuhitaji kuelezwa jambo hilo linafananaje.

Tunajifunza nini

Ukiitazama historia hii tangu 1957 utaona kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mfanyakazi wa Kamukunji waziwazi kwamba hatakiwi kupiga kura. Kila mara palikuwa na utaratibu wenye jina zuri. Mwaka 1957 uliitwa sifa za mpiga kura. Baadaye uliitwa umoja wa kitaifa. Mwaka 1988 uliitwa kura ya wazi isiyo na gharama. Mwaka 2007 uliitwa matokeo rasmi. Katika kila utaratibu huo yapo maswali yale yale ya kuuliza: Nani ameandikwa katika orodha? Nani anatutazama tunapochagua? Nani anahesabu, na je, tunaweza kuhesabu tena?

Maswali hayo, ndugu wafanyakazi, yanafaa kuulizwa pia karibu na nyumbani. Tawi lako likichagua viongozi, tazama orodha ya wanachama imebandikwa mapema ili aliyerukwa apate kudai jina lake. Dai kura ya siri, hata kama mwenyekiti atasema tunajuana wote hapa na mikono itatosha. Weka watu wa kila upande mezani wakati wa kuhesabu, na karatasi zitunzwe mpaka muda wa malalamiko upite. Hayo ni mambo madogo. Wenzetu wa Kamukunji waliyakosa mwaka 1988, na iliwagharimu maisha ya watu kuyapata tena.